Kipimo cha Macho ya Baba

Ninyi wenzangu wa rika langu mnajua ninachosema. Ule umri ambao simu inasogezwa mbali, mbali tena, mpaka mkono unaisha na herufi bado hazijasomeka. Mimi nilikataa miwani miaka miwili mizima. Mara nasema taa za siku hizi ni hafifu, mara nasema hawa watu wa dawa wameanza kuandika kwa maandishi ya sisimizi. Uongo mtupu. Na kilichonipeleka duka la miwani mwezi uliopita hata si macho yangu. Ilikuwa miwani ya marehemu baba, iliyonifikia baada ya mazishi ikiwa imefungwa kwenye leso, skrubu moja imelegea. Nilitaka waikaze tu, niende zangu.

Nikiwa nasubiri, mlango wa nyuma ukafunguka na ile harufu ikanipata. Harufu ya plastiki inayokatwa huku ikimwagiwa maji, tamu kidogo, chachu kidogo, na nyuma yake joto la mota. Nikainuka. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Binti wa dukani akaniuliza kama niko sawa, nikamjibu niko sawa, nina haraka tu. Haraka ya wapi? Sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa na miaka tisa tena, niko Busia, na nina uongo mdomoni ambao siwezi kuumeza wala kuutema.

Mama yangu alikuwa fundi wa lenzi. Si muuzaji wa miwani, si daktari wa macho. Fundi. Duka lenyewe lilikuwa upande wetu wa Kenya, kwenye barabara kuu inayoelekea mpakani. Mbele kulikuwa na fremu zilizopangwa kwa safu, kioo kirefu, na chati ya herufi ukutani, na watu wa huko mbele walizungumza kwa sauti ya chini kama wako kanisani. Ukipita pazia unaingia karakana, chumba chenye dirisha moja na kelele za kutosha soko zima, na humo ndimo mama alimoshinda kutwa pamoja na Mzee Okumu. Mzee Okumu ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucha nyeupe kwa polishi ya lenzi, na sikuwahi kumwona akikimbia.

Mama alitoka Funyula, Msamia. Baba alitoka Moding, Mteso. Kwa hiyo nyumbani tulielewana kwa Kiswahili, tena kile cha kwetu kisichojisumbua na ngeli. Mama aliniita Nafula, baba aliniita Akiru, na majina yote mawili ni ya mvua, maana nilizaliwa siku ya mvua kubwa na hakuna aliyekubali kushindwa na mwenzake. Nilikuwa mtoto asiyekalika. Sentensi niliyoisikia kuliko zote maishani mwangu ni "Nafula, kaa chini." Shule zilipofungwa, jirani aliyekuwa akiniangalia alimwambia mama, kwa heshima zote, kwamba amechoka. Basi mama akawa ananibeba kazini.

Kule karakana kila mteja alikuwa na kisahani chake cha plastiki. Ndani yake unakuta fremu aliyochagua, lenzi mbili, na karatasi ya vipimo. Kwenye karatasi kuna nguvu ya jicho la kulia na ya kushoto, kisha chini kabisa kuna namba moja ya pekee, umbali kutoka mboni hadi mboni, kwa milimita. Mzee Okumu aliipenda sana namba hiyo. Aliniambia kila lenzi ina kitovu, na kitovu hicho lazima kikae mbele ya mboni kabisa. Kikikaa kando, hata ukiisugua lenzi ing'ae kama maji ya chemchemi, macho yatavutana na kichwa kitauma. Watu wanadhani kazi ni kusaga, alisema, lakini kusaga hata mashine inasaga. Mimi nilitikisa kichwa kama nimeelewa, nikaenda mbele kusoma chati.

Ile chati niliijua kama mtoto mwingine anavyojua Baba Yetu. E. F, P. T, O, Z. Niliisema nikiruka, nikaisema kutoka chini kwenda juu, nikawasahihisha wateja kutoka nyuma ya pazia mpaka daktari wa dukani akamwambia mama anichunge.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alichukua mizigo Mombasa akaipeleka Kampala, na mara nyingine mbali zaidi. Wiki moja yuko nyumbani, wiki tatu hayupo. Yeye naye hakujua kutulia. Akiwa nyumbani alitembea uani huku anakunywa chai, akafungua redio, akafunga redio, akaenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na tatizo lolote. Mama alisema yeye ameolewa na mlango, hujui kama unafunguka au unafungwa. Mimi nilimpenda kupita kiasi, maana ndiye mtu mzima pekee ambaye hakuwahi kuniambia nikae chini.

Wiki hiyo ya likizo akaniita nyuma ya nyumba, akaniuliza kama ni kweli najua chati yote ya dukani. Nikamsomea. Akaniomba nimfundishe. Lakini iwe siri yetu, akasema, mama asijue, tutakuja kumshangaza.

Sasa mnielewe. Mtoto wa darasa la tatu, mtu mzima anakuja kwako anakuomba umfundishe herufi, kwa siri. Ungefikiri nini? Mimi nilifikiri baba yangu hajui kusoma. Yote yakaja mahali pake. Ndiyo sababu gazeti alilishika karibu na pua kisha akalitupa. Ndiyo sababu barua za shule alinipa mimi nimsomee. Moyo ukaniuma, kisha ukanijaa fahari. Nikawa mwalimu. Asubuhi na jioni, nyuma ya choo, fimbo ya mgomba mkononi, nilimkaririsha baba yangu. Alikuwa mwanafunzi mzuri, haki ya Mungu. Siku ya nne aliisema kutoka juu hadi chini na kurudi, na kunilipa akaniletea kabalagala za moto, vile vitumbua vya ndizi, kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Uganda, nikala mpaka mafuta yakanitiririka kwenye viwiko.

Wiki hiyohiyo mama naye akanipa kazi yake ya siri. Krismasi iliyopita baba alikuwa amepita dukani, daktari akamkalisha kwa mzaha tu na kumpima. Nguvu ikaandikwa: minasi tatu na robo, nguvu ya mtu asiyeona mbali vizuri, macho yote mawili. Ilipofika kupima umbali wa mboni, baba akainuka akaondoka, na tangu siku hiyo mtu akitaja miwani anaenda kuangalia kuku. Nilikuja kujua ukubwani kwamba katika kampuni yao dereva akionekana na miwani anatolewa safari ndefu, anabaki kuosha malori yadi. Mama alikuwa na karatasi yake kwenye droo, imekosa namba moja tu. Akanipa rula ndogo ya kazi, akanieleza nimpime baba kama mchezo. Nimwambie aangalie pua yangu, niweke sifuri katikati ya mboni ya kulia, nisome katikati ya ile ya kushoto.

Siku mbili nilitembea na rula mfukoni. Sikuitoa. Niliogopa akiiona atajua imetoka kwa mama, na atadhani nimemwambia mama kwamba hajui kusoma, na ualimu wangu utaisha. Mama aliponiuliza, nikafungua mdomo na namba ikatoka yenyewe. Hamsini na nane. Nilikuwa nimeiona kwenye kisahani cha mteja asubuhi hiyo. Mama akanishika shavu, akaniambia mimi ni mtoto wa maana, akaiandika. Nikaenda kuruka kamba, na nilivyoruka siku hiyo ungedhani nafukuzwa.

Baba akaitwa Nairobi, kampuni inapima madereva wake upya. Akarudi anapiga mluzi. Siku iliyofuata akapewa mzigo, na siku mbili baadaye akampigia mama simu kwamba yuko Malaba kwenye foleni, malori ni mengi, huenda akachukua siku kadhaa kabla hajavuka. Alichagua Malaba badala ya Busia kwetu, mama akalalamika kidogo, yakaisha.

Siku ya nne ya foleni, niko karakana, nimechoka kukaa, nimekwisha kuhesabu visahani mara tatu. Mzee Okumu akanitania, akaniuliza mwalimu wa chati amepata wanafunzi wangapi likizo hii. Siri gani inakaa kwenye tumbo la mtoto kama mimi? Nikasema ninaye mmoja, tena mkubwa, na anaijua yote hata kurudi nyuma. Mzee akauliza ni nani. Nikasema, baba.

Mama alikuwa amesimama kwenye mashine. Akaizima. Ile kelele ilipokatika nikasikia pikipiki barabarani na nikajua nimeharibu kitu, ila sikujua ni kipi. Akaniuliza taratibu sana, nikamweleza kila kitu: fimbo ya mgomba, kabalagala, siku ya nne. Nikamwambia asimcheke, si kosa lake kutojua kusoma. 

"Mzee," mama akasema, akimgeukia. "Huyu mtu alipita mtihani wa macho Nairobi kwa chati ya mtoto wangu. Chati ni ileile kila mahali. Anaendesha haoni."

Mzee Okumu aliinuka. Alikwenda rafuni akachukua kisahani cha mwisho, kile mama alichomwandalia baba, akapuliza vumbi.

Lenzi zilizo tayari za nguvu hiyo zilikuwa zimeisha, kwa hiyo walianza na madonge. Donge la lenzi ni nene, kama kitako cha chupa ya soda, mbele limekwisha kulainishwa, nyuma bado. Mama akabandika utepe wa bluu upande wa mbele usikwaruzwe. Mzee akayeyusha ile risasi yake laini inayoyeyuka hata kwenye maji ya moto, akaimimina, akaligandisha donge kwenye kishikio cha chuma. Kisha akakaa. Mama akamwambia twende, Mzee, tukate. Akajibu kipoe kwanza, kikikatwa na joto lenzi inapinda. Mama akaenda dirishani, akarudi, akaenda mlangoni, akapiga simu, ikakataa, akapiga tena. Madereva kwenye foleni huzima simu kutunza chaji. Sijawahi kumwona mama yangu hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa chini, kimya, mikono chini ya mapaja, na hakuna aliyeniambia.

Kilipopoa, kisu cha mashine kikala ule upande wa nyuma, vumbi jeupe likiruka, harufu ile ikijaa chumba. Halafu msasa wa kwanza, halafu msasa laini, halafu polishi, ile nyeupe kama uji, inayomwagika juu ya lenzi huku ikizunguka na kuzunguka. Mzee akagonga kishikio, lenzi ikabanduka. Akaiweka chini ya darubini ya kupimia, akafunga jicho moja, akasema iko sawa. Ya pili ikafuata njia hiyohiyo. Kisha akavuta karatasi ili atie vitone vya wino mahali kitovu kitakapokaa, na hapo akasita.

Alisoma ile namba mara mbili. Akauliza, mwanaume mzima, tena na kile kichwa kikubwa, hamsini na nane? Mama akasema Nafula ndiye aliyepima.

"Uko na hakika, mama?" Mzee akaniuliza. Alikuwa mtu wa heshima, hata msichana mdogo alimwita mama.

Mama akajibu kwa niaba yangu. "Huyu mtoto anaweza kusumbua, Mzee, lakini hana uongo."

Nikaangalia sakafu. Wino ukagusa lenzi ya kulia, ukagusa ya kushoto. Ningesema wakati ule, lenzi zingepona, maana kilikuwa kitone cha wino tu, kinafutika na kidole. Sikusema. Gurudumu la maji likazikata kwa umbo la fremu, mama akaipasha fremu kwenye kisanduku cha mchanga wa moto, akazibonyeza ndani, zikalia tak, tak.  Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa kutoka Busia mpaka Malaba.

Tulikwenda na boda, mimi katikati, mama nyuma yangu ameshika kifuko cha miwani kifuani. Foleni ilianza mbali kabla ya mji. Malori yamepangana upande mmoja, nguo zimeanikwa kwenye bampa, madereva wanapika ugali pembeni ya magurudumu, wengine wamelala chini ya trela. Mama alimwambia mwenye boda aende polepole, akawa anasoma namba za magari moja moja. Tulimpata baba karibu kabisa na mbele. Mguu mmoja ulikuwa nje ya dirisha, anapiga mluzi. Mama alipoita, alitazama upande wetu kwa muda mrefu na tabasamu la mtu anayesubiri kujua ni nani, na mama alipomwita tena kwa jina lake ndipo akafurahi. Nilikuwa nimeliona tabasamu lile maisha yangu yote. Nilidhani ndivyo uso wake ulivyo.

Mama hakugombana. Alipanda ngazi ya lori, akanivuta na mimi, akamwambia anajua habari ya chati. Baba akanitazama. Sikuweza kumtazama. Mama akafungua kifuko, akamwomba avae tu, mara moja, kwa ajili yake. Nilimsikia akivuta pumzi. Akavaa.

Akatazama mbele. Akakunja uso, akafumba macho, akafumbua. Akasema yanamvuta, macho yanataka kuja puani. Kichwa kinazunguka. Akaivua, na nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka sikai kitini: alifurahi. Alikuwa amepata sababu. Akamrudishia mama kwa upole sana, akamwambia si aliona mwenyewe, haya mambo hayamfai, amejaribu. Mama alishika ile miwani kwa mikono miwili na mabega yake yakashuka. Mbele yetu lori likawasha moto, likasogea. Nafasi ikafunguka. Wa nyuma wakaanza kupiga honi, mmoja akapaza sauti, "Songa boss!" Baba akashika ufunguo.

"Baba, sikukupima," nikasema.

Akanigeukia. Mama naye.

"Mama alinipa rula. Sikupima. Nilisema hamsini na nane. Nilikisia."

Honi zikapigwa, nyingi sasa. Nilingoja kofi, la yeyote kati yao. Nililitaka hata, liishe. Baba aliachilia ufunguo, mkono wake ukabaki juu ya usukani, akaangalia pale mbele ambapo lori lilikuwa limetoka.

"Na mimi nakisia, Akiru," akasema. "Kutoka Mombasa mpaka hapa, nakisia tu."

Akamweleza mama yote, macho bado kwenye kioo. Kwamba anafuata taa za lori lililo mbele yake. Kwamba likikata kona au likimwacha, anaegesha pembeni, anajifanya anaangalia magurudumu, mpaka lingine lipite alifuate. Kwamba alichagua Malaba kwa sababu mama asingekuja huko na maswali. Mama alimsogelea. Alimwekea kiganja mgongoni.

Siku nne alikuwa kwenye ile foleni. Aliwasha lori, akakata usukani kushoto, akatoka kwenye mstari na kuingia yadi iliyokuwa pembeni, polepole, mama akiwa ametoa kichwa dirishani anamwelekeza kama anaegesha mkokoteni. Nyuma yetu malori yalisogea, na nafasi yake haikuwepo tena. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na baba yetu aliponea chupuchupu, maana kilio chenyewe kilikuwa bado kiko njiani kinakuja.

Nikimbie mbele kidogo, mnivumilie, sijui kusimulia nikiwa nimetulia. Kampuni ilimpa dereva mwingine lile lori. Baba alikaa nyumbani muda mrefu, akachakaza njia ya kwenda kwa kuku, akawa mkali, akawa mnyonge, kisha tajiri mwingine akamchukua na miwani yake usoni. Aliendesha mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakumgonga mtu. Baba yangu, dereva wa lori, alifia kitandani kwake, Moding, na mimi najivunia hilo kuliko shahada zangu. Hata mwezi uliopita, nilipokwisha kutoka na kuingia lile duka mara tatu, nilikaa mwishowe nikamwambia yule binti anipime na mimi. Aliniomba nitulie niangalie pua yake. Machozi yalinitoka, akadhani ni taa.

Maana hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jioni ileile tuliporudi Busia kutoka Malaba, Mzee Okumu alimkalisha baba kwenye kiti cha mama. Nilijua atachukua rula. Aliichukua, akanipa mimi. Akasema apime aliyekosea. Nikasimama mbele ya baba, uso kwa uso, nikamwambia aangalie pua yangu. Macho yake yalikuwa na wekundu wa vumbi, na yalikuwa hayapepesi. Alitulia. Mimi nilitulia. Rula ikateleza, nikaanza upya, sifuri kwenye mboni ya kulia, nikasoma ya kushoto. Sitini na nane. Mzee akapima baada yangu, akaandika sitini na nane. Zile lenzi za kwanza mama alizitupa mwenyewe, na madonge mengine mawili yakabandikwa utepe wa bluu.

Kesho yake mchana ikawa tayari. Baba aliivaa palepale karakana, akapita pazia, akapita chati bila kuitazama, akasimama mlangoni akiielekea barabara. Malori yalikuwa yanapita kwenda mpakani. Akaanza kusoma. Namba ya gari la kwanza, namba ya la pili, jina la kampuni ubavuni, maneno ya dini juu ya kioo, bango la duka la ng'ambo, bei ya sukari, haraka haraka, kwa sauti, hakosei hata moja. Nilisimama nyuma yake mdomo wazi. Kumbe alijua kusoma. Alijua siku zote, kuliko mimi.

Halafu akaacha kusoma. Upande wa pili wa barabara, pale vumbi linapokutana na lami, watu walikuwa wamesimama wakingoja kuvuka. Mama mmoja na mtoto mgongoni, mzee na baiskeli, watoto wadogo wameshikana mikono. Baba akavua miwani, akawatazama. Akaivaa, akawatazama tena.

"Mama Nafula," akaita, na sauti ilikuwa haina nguvu. "Pale pembeni kuna watu."

Mama akatoka akifuta mikono, akasema ndiyo, wapo.

"Barabara yote? Huwa wapo barabara yote?"

"Wapo, Baba Nafula."

"Mimi nilikuwa nadhani ni vichaka."

Akaketi kwenye ngazi ya mlango. Nikaketi naye, bila kuambiwa. Akainua kidole, akaanza kuwahesabu, mmoja mmoja, na kila aliyefika pale kungoja kuvuka akamhesabu naye, na sisi hatukumkatiza.